Ufunguo wa Msumarini

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limeacha kukusumbua unapokanyaga cherehani, na Mama ameacha ule mchezo wake wa kusahau miwani kichwani halafu kuwauliza wajukuu ni nani aliyeichukua. Wasalimie sana mapacha. Niambie kama meno yao ya mbele yameota, maana mara ya mwisho tulipozungumza kwenye simu sikujua yupi anaongea na yupi anapuliza tu. Msalimie na shemeji. Mwambie lile koti alilonipa bado linanifunika mimi na kubakiza nafasi ya mtu mwingine mmoja.

Mimi sijambo. Najua neno hilo likitoka kwangu huwa unalipima kwanza, kama kitambaa cha mteja mbishi. Safari hii lipime upendavyo, halitapungua. Nakula, nalala, na ile mikono yangu iliyokuwa ikitoka jasho kila niliposikia mlango wa mkuu wetu wa kazi ukifunguliwa imeanza kukauka. Utajiuliza kwa nini nimeandika barua ilhali simu ipo. Kwenye simu, dada, wewe huniuliza nina nini, mimi hujibu sina kitu, kisha tunahamia habari za mvua. Karatasi inanisubiri. Nina mambo mawili ya kukueleza, na la pili nalijua tabia yake: nikilianza kwa mdomo litarudi tumboni.

Kazi yangu bado ni ile ile ya ukarani katika masjala ya hospitali. Chumba chetu kinatazamana na foleni ya wagonjwa kupitia kioo kimoja kikubwa, na kwenye kioo hicho kuna tundu lililokatwa kwa kimo kisichomfaa mtu yeyote: warefu huinama, wafupi husimama kwa vidole. Nyuma yetu zimepangwa rafu za mafaili ya karatasi ambayo hakuna mwenye moyo wa kuyatupa. Seva, yaani ile kompyuta inayotunza mafaili ya wagonjwa wote, imewekwa kwenye kabati lililokuwa la mafagio, na hadi leo fagio moja limebaki humo kwa sababu kila mtu anadhani lina kazi yake.

Kwenye lile tundu hukaa mama mmoja mtu mzima ambaye hospitali nzima inamwita Mama Mihuri. Ana miaka ishirini na minane pale. Kabla ya kompyuta, karatasi haikwenda popote bila mhuri wake, na mihuri hiyo bado anayo, sita, ndani ya kopo la bati. Huifuta vumbi kila Jumatatu ingawa hakuna tena anayeihitaji. Huchapa kwa vidole viwili tu. Siku yangu ya kwanza aliniuliza nimekula nini asubuhi, na kabla sijatunga jibu akanikatia nusu ya mkate wake, akasema watu wenye shingo kama yangu wasije kazini na njaa, upepo wa feni utawachukua. Tangu siku hiyo mimi humwita Mama, naye huniita mwanangu, isipokuwa nikimuudhi. Hapo hugeuka kuniita msomi.

Ana pia jambo lililokuwa kichekesho cha masjala. Kila akimaliza kuandika kitu kwenye faili la mgonjwa katika kompyuta, huandika namba ya faili hilo kwenye daftari lake la mkono, pamoja na saa na dakika kama zinavyosomeka ukutani, kisha huweka alama ya vema. Mkuu wa masjala aliwahi kumwambia kwamba hana haja ya kujichosha, kompyuta inakumbuka yenyewe. Mama Mihuri akamjibu kwamba huenda inakumbuka, ila yeye haijawahi kumwapia.

Sasa nikueleze kuhusu programu. Kila mgonjwa ana faili moja kwenye seva, na wote tunalifungua kutoka huko: sisi wa dirishani, karani wa wodini, maabara, na dirisha la dawa. Zamani programu hiyo ilikuwa na ubaya mmoja. Mtu yeyote akifungua faili lolote, hospitali nzima ilizuiwa mpaka amalize, na kwenye skrini za wengine likatokea neno moja jekundu, Subiri. Watu walilichukia neno hilo kuliko homa. Miezi mitatu iliyopita likaondolewa, kazi ikaenda mbio, na kila mtu akafurahi.

Kisha akaja fundi saa. Ni mzee mwembamba, jicho lake la kulia limezungukwa na duara la kudumu kwa sababu ya ile lenzi anayoibana usoni siku nzima. Alikuja na kidole gumba kilichovimba. Pale dirishani alimweleza Mama Mihuri kwamba kuna sindano moja ya usaha ambayo miaka ya nyuma ilimvimbisha koo hadi akakaribia kufa, kwa hiyo tafadhali iandikwe kwa herufi kubwa. Mama Mihuri akaandika, akamsomea, fundi saa akatikisa kichwa kukubali, akapelekwa wodini. Baada ya muda tukasikia kelele. Muuguzi alikuwa amefungua faili, hakuona onyo lolote, akaja na sindano ile ile. Bahati nzuri mzee ana mazoea ya kuuliza jina la kila kifaa kabla hakijamgusa. Aliposikia jina aliruka kitandani, akasimama nyuma ya pazia na kupiga kelele kwamba alishasema, alishasema pale kwenye tundu, na mama wa watu alimsomea!

Faili likafunguliwa mbele ya mkuu. Halikuwa na neno hata moja kuhusu sindano. Mama Mihuri alisema ameandika. Mkuu akamwonyesha skrini. Mama Mihuri akasema tena ameandika, vidole vyake viwili vinajua vilichoandika. Hapo mkuu, foleni nzima ikisikia, akataja mambo mengine saba yaliyokosekana kwenye mafaili ya wagonjwa katika miezi ile mitatu, yote yakiwa yamepita mikononi mwa Mama Mihuri. Akasema hakuna aibu macho kuchoka. Akasema apumzike stoo ya mashuka mpaka kamati ya nidhamu ikae, na kila mtu alijua kamati itasema nini: atastaafishwa kabla ya wakati, tena kwa barua itakayoeleza kwamba alikaribia kuua mtu. Imebaki miaka miwili tu amalize kazi kwa heshima. Alichukua kopo lake la mihuri, akaniachia daftari juu ya meza, akashuka ngazi bila kugeuka.

Mimi nikawekwa kwenye kiti chake.

Baadaye nikalichukua lile daftari na kuanza kulilinganisha na kumbukumbu za seva, maana seva nayo huandika ni mashine ipi imefungua faili gani na kwa sekunde ipi. Nilitafuta yale mambo saba, na la fundi saa likawa la nane. Yote manane yalikuwa na alama ya vema kwenye daftari. Na kwa kila jambo, seva ilionyesha kwamba Mama Mihuri alipofungua faili, muda mfupi kabla ya dakika aliyoiandika, kuna mtu mwingine, mara wodini, mara maabara, aliyelifungua katika sekunde ile ile. Nilizisoma kumbukumbu hizo mara tatu.

Ili unielewe, chukulia daftari lako la vipimo. Mteja ana ukurasa mmoja. Wanafunzi wako wawili wanaunakili ukurasa huo kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye karatasi yake. Wa kwanza anaongeza kiuno, anaondoa ukurasa wa zamani na kubandika wake. Wa pili, ambaye nakala yake haina kiuno, anaongeza urefu wa mkono, anaondoa ukurasa anaoukuta na kubandika wake. Kiuno kimekwenda. Hakuna aliyekifuta, hakuna aliyelala kazini, na ukiwauliza wataapa wote wawili kwamba wameandika, na wote watakuwa wanasema kweli.

Badala ya lile Subiri, programu ilikuwa na njia ya kuzuia hilo, lakini njia mbovu. Kabla ya kufungua faili ilikuwa inauliza: kuna mtu humu? Ikijibiwa hakuna, inaweka alama kwamba sasa yupo, halafu inaingia. Ubovu ulikuwa kati ya kuuliza na kuweka alama. Ni kipenyo chembamba kuliko kupepesa jicho. Lakini asubuhi zamu zinapopokezana, mashine kumi na nne zikiuliza kwa mpigo, mbili huweza kujibiwa hakuna kabla yoyote haijaweka alama. Zote mbili huingia, na atakayetoka mwisho humfuta aliyetoka kwanza.

Kudhani ni jambo moja, kuonyesha ni lingine. Nilishuka stoo, nikamwomba Mama Mihuri anisaidie kujaribu. Kule kuna kompyuta moja ya kuhesabia mashuka. Tulifungua faili la mgonjwa wa kubuni, nikarudi juu, tukapigiana simu ya ndani, tukahesabu moja, mbili, tatu, tukabonyeza. Mara arobaini. Hakikupotea kitu. Nilianza kukata tamaa. Yeye akacheka kwenye simu, akasema mwanangu, mimi na wewe hatuwezi hata kupiga chafya pamoja, tutabonyezaje pamoja? Akasema niuambie mtambo wangu upunguze mwendo pale mlangoni. Nikaduwaa. Mimi niliyekaa darasani miaka mitatu sikuwa nimewaza hivyo! Niliongeza kituo cha sekunde tano kati ya kuuliza na kuweka alama, tukabonyeza kila mtu kwa wakati wake, bila haraka. Maneno yake yakapotea mara ya kwanza tu. Tukarudia, yakapotea tena. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba basi hakuwa ameota.

Dada, hapo ndipo nilipokukumbuka wewe, na hapa ndipo shukrani zangu zinapoanza.

Unakumbuka bafu la ule ua tuliokuwa tumepanga? Kaya nane na bafu moja. Kila asubuhi mtu alitoa kichwa mlangoni, akapaza sauti kuuliza kuna mtu, akisikia kimya anarudi ndani kuchukua ndoo na taulo. Na wakati anatafuta sabuni, mwingine naye anauliza, naye anasikia kimya. Unamkumbuka mwalimu wa hesabu na yule mama mshona viatu, wamesimama mlangoni kila mmoja na ndoo yake, wakibishana nani aliuliza kwanza? Wote waliuliza. Wote walisikia kimya. Mwalimu alikuwa analeta hadi ushahidi wa saa yake. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulimwendea mwenye nyumba, ukamwomba kufuli na ufunguo, ukaufunga ufunguo kwenye kijipande cha ubao, ukapigilia msumari ukutani katikati ya ua. Ukatangaza sheria yako: marufuku kuuliza. Ufunguo ukiwa msumarini, uchukue, bafu ni lako. Msumari ukiwa mtupu, subiri. Kuuchukua ndiyo kuuliza, na ndiyo kujibiwa, kwa kitendo kimoja, kwa sababu ufunguo mmoja hauwezi kushikwa na watu wawili.

Ndivyo nilivyoitengeneza programu. Sasa mashine haiulizi. Inauomba ufunguo wa faili, na seva inatoa au inanyima kwa kitendo kimoja kisicho na kipenyo katikati. Usidhani nilipatia mara moja. Mara ya kwanza niliweka ufunguo kwenye kuhifadhi tu. Nikampigia Mama Mihuri kwa mbwembwe, tukajaribu, maneno yake yakapotea kama zamani. Akaniambia msomi, hebu kaa chini. Nilikuwa nimefunga mlango wa kutokea, wa kuingilia nikauacha wazi: watu walikuwa bado wananakili ukurasa mmoja kwa pamoja, halafu wanapanga foleni kwa adabu kwenda kufutana. Ilibidi ufunguo ushikwe tangu mtu anapoanza kusoma ili aandike, mpaka anapokwisha kurudisha alichoandika. Nikatoa pia ufunguo mmoja kwa kila faili, wala si mmoja kwa hospitali nzima, ili anayeshughulikia kidole cha fundi saa asimzuie anayeshughulikia jino la mtu mwingine. Na nilimkumbuka yule mpangaji aliyeondoka na ufunguo kwenda kazini, tukakaa siku nzima bila kuoga. Kwa hiyo mashine ikizimika au ikikatika mawasiliano, seva inauchukua ufunguo na kuurudisha msumarini yenyewe, na ile kazi iliyokatika haipokelewi nusu nusu.

Mwishowe niliziamuru mashine zenyewe ziongeze mistari mia tatu kwenye faili moja, zote zikisukumana kadiri ziwezavyo. Kwa njia ya zamani nilikuta mistari mia mbili sitini na mmoja. Kwa ufunguo wako nilikuta mia tatu. Nikahesabu kwa mkono pia, nikitia alama ya vema kila mstari. Mia tatu, dada.

Mpaka hapa umesoma habari za mdogo wako hodari. Sasa nikusomee upande wa pili.

Pale juu nilipokuandikia kwamba neno Subiri liliondolewa, nilipita kwa kunyata kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Aliyeliondoa ni mimi. Fundi wa kompyuta aliyetutangulia alipoacha kazi, mkuu aligundua kwamba nimesomea kompyuta, akaniambia niiangalie angalie programu ile. Nikaliona kufuli lake, zito lakini salama, nikaling'oa. Mahali pake nikaweka ule mstari wa kuuliza kuna mtu. Nilijaribu siku moja, peke yangu, kwenye mashine moja. Kwenye mkutano wa asubuhi mkuu alinisimamisha nikapigiwa makofi, na tangu hapo kila mtu aliniita Umeme. Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi popote.

Na pale nilipokuandikia kwamba baadaye nikalichukua daftari, hiyo baadaye ilikuwa siku kumi na mbili. Fundi saa aliporuka kitandani, kabla mkuu hajafika, mimi nilikwisha kujua. Sikuwa na ushahidi, lakini nilijua pa kutazama, sikutazama. Nilikalia kiti cha Mama Mihuri, juu ya mto wake wa kiti alioushona mwenyewe, na kila asubuhi nilijiambia kesho. Niliogopa unga utamwagika. Niliogopa utasikia. Wagonjwa waliendelea kupita kwenye tundu lile na mimi nilichofanya ni kufungua kila faili mara mbili kuhakikisha, kama mtu anayejua ngazi ina kidato kibovu na badala ya kusema anairuka yeye tu. Siku ya kumi na mbili Mama Mihuri alipanda kutoka stoo, akaniwekea nusu mkate juu ya meza, akaniuliza mbona nimekonda, akashuka. Sikuugusa. Ndipo nilipolifungua daftari.

Nilipomwonyesha mkuu matokeo ya majaribio, alifurahi kweli. Akasema basi tumepata pa kutokea: tutaiambia kamati kwamba ni hitilafu ya mtambo, pengine iliachwa na yule fundi wa zamani, Mama Mihuri atarudi kwenye kiti chake, na Umeme ndiye aliyetuokoa. Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia, dada, sitakuficha.

Siku ya kamati Mama Mihuri aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kopo la mihuri mapajani, kama abiria asiyejua atashushwa wapi. Mkuu alieleza vizuri. Alipofika kwa yule fundi wa zamani nilisimama. Sikumbuki nilivyoanza. Nakumbuka mwenyekiti akiniomba nipaze sauti, nami nikapaza kupita kiasi, nikajikuta napiga ukelele kwamba mstari ule ni wangu, fundi wa zamani hakuacha kosa hilo, na Mama Mihuri alifanya kazi yake sawasawa muda wote, mimi nilijua na nikanyamaza siku kumi na mbili.

Sikufukuzwa. Nimepewa barua ya onyo, na kuanzia sasa sibadilishi hata nukta kwenye programu mpaka mtu wa pili aisome na tuijaribu kwenye mashine nyingi. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo. Mama Mihuri alisafishwa jina mbele ya foleni ile ile, kwa sauti ile ile ya mkuu, yeye mwenyewe ndiye aliyedai hivyo. Fundi saa alipokuja kufungwa kidonda nilimfuata nikamwambia. Alinitazama kwa lile jicho lake la duara, akasema na yeye aliwahi kumrudishia mtu saa huku skrubu yake moja imebaki mfukoni. Nikaanza kupumua. Kisha akaongeza kwamba, hata hivyo, saa haivimbi koo. Nimeibeba kauli hiyo, na ninamshukuru kwa nusu zake zote mbili.

Na Mama Mihuri? Nilimfuata stoo siku ile ile ya kamati. Hakunikumbatia. Aliendelea kukunja mashuka. Aliniambia amekasirika, tena sana, na ataendelea kukasirika mpaka Ijumaa, nisimsumbue. Jumatatu nije na kiti changu nikae karibu na tundu, kwa sababu mtu anayeandika programu ya dirishani bila kukaa dirishani ni kama mshonaji asiyempima mteja. Wiki nzima sikupata mkate. Jumatatu nilipata. Nilikula huku nikilia, akaniambia nisiloweshe kibodi.

Sasa la pili, dada, na hili ni letu wewe na mimi.

Unakumbuka asubuhi ufunguo ulipopotea. Mwenye nyumba alivunja kufuli kwa nondo. Mwalimu wa hesabu alisema ndiyo matokeo ya kuwapa watoto madaraka. Mama alikuvua ile kazi mbele ya watu, na kwa mwaka mzima ua ule ulikuita Bi Funguo kwa kejeli. Ulipekua mtaro mzima kwa kijiti, mimi nikikushikia ndoo. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Nilioga, nikautia kwenye kaptula ya shule, nikaondoka nao. Niliukuta mfukoni wakati wa mapumziko. Niliogopa. Niliporudi nikasikia kelele getini kwetu nikazidi kuogopa, nikageuka kurudi shule, nikaudondosha kwenye karo la maji machafu nyuma ya shule. Kisha nikaja kukushikia ndoo.

Nilikuwa na miaka tisa, lakini sikukuandikia ili nijitetee. Kilichoniuma miaka yote hii ni kitu kingine. Wiki ile ulikuwa umeanza kuzungumzia mpango wa zamu za bomba, ulikuwa umeuchora kabisa kwenye karatasi ya daftari langu. Hukuutaja tena. Tangu siku ile hukupendekeza jambo lolote pale uani, ulikaa kimya kwenye cherehani ya Mama. Na mpango wako ulikuwa sahihi, dada. Haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mfukoni mwangu.

Kwenye programu kuna sehemu ambazo mtambo hauzisomi, huandikwa kwa ajili ya mafundi watakaokuja baadaye. Juu kabisa ya ile sehemu ya ufunguo nimeandika hivi: "Utaratibu huu ulibuniwa na dada yangu akiwa na miaka kumi na saba, kwenye ua wa kaya nane na bafu moja. Ulifanya kazi. Ufunguo ulipopotea, aliyeupoteza ni mimi." Mtu wangu wa pili wa kusoma ni Mama Mihuri, kwa mistari ya Kiswahili walau. Alisoma, akavua miwani, akauliza kama dada mwenyewe anajua. Nikasema bado. Akaniambia nichapishe ukurasa huo. Akafungua kopo, akaipitia mihuri yake yote sita, akachagua mmoja, akaupumulia, akaugandamiza kwenye karatasi kwa mikono yote miwili. Nakuambatishia ukurasa wenyewe. Utaona wino umefifia upande mmoja, lakini neno linasomeka: IMEHAKIKIWA.

Sikuombi unijibu upesi. Kasirika mpaka Ijumaa yoyote utakayoichagua, nitakungoja. Nakushukuru kwa msumari ule, na kwa kila asubuhi uliyonipeleka shule ukinishika mkono ambao ulikuwa na siri.

Mpe Mama shikamoo yangu, na ukimsomea barua hii msomee yote. Wape mapacha salamu, wapulize wapendavyo. Shemeji naye mwambie koti bado nalingoja linikae.

Ni mimi mdogo wako, ambaye huku waliniita Umeme na sasa wameacha,

Kiroboto wako